Sikio Lililopita Kichwa

Saa kumi na moja alfajiri niligeukia kulia
kuitafuta simu iliyolia,
na chumba kikaondoka.

Sikuzunguka mimi. Kabati lilizunguka,
pazia likalifuata pangaboi,
na pangaboi, Mungu wangu, lilikuwa limezimwa.
Nikashika godoro kwa mikono miwili
kana kwamba kitanda kina ukingo wa jabali,
mimi, Kadzo wa Kalume, miaka hamsini na tisa,
niliyepaka chokaa nusu ya hoteli za Malindi
bila kushikiwa ngazi hata siku moja.

Jirani alisema presha.
Wifi yangu akasema jini, tena wa pwani, anataka ubani.
Mwanangu Tsuma akaita tuktuk,
na kwenye kona ya Barani
nikatapika ndani ya mfuko wa mkate.

Daktari Mwanaesha ni mdogo kuliko viatu vyangu vya kazi.
Alinilaza, kichwa kikaning'inia nje ya kitanda.
“Nitazame puani. Usifumbe.”
Macho yangu yakaanza kucheza yenyewe,
naye akatabasamu kama fundi
aliyeliona bomba linalovuja.

Akasema: ndani ya sikio mna vijiwe,
vidogo kuliko chenga za unga,
vimekaa juu ya utando wao
vikikwambia chini ni wapi.
Vyako vichache vimetoroka, vimeingia mferejini.
Nikauliza, vijiwe vya nini?
Akasema, vya chokaa.

Chokaa!
Nikacheka hadi machozi yakaingia masikioni.
Miaka thelathini naibandika ukutani,
kumbe iliyonisimamisha ngazini
ni punje nisizozijua, zisizolipwa.

Kwa kuwa nilikuwa nimelala na aibu imeniisha,
nikamwuliza habari za wale waendao angani.
Baba alipika tambi Ngomeni,
kwenye jukwaa la Wataliano, miguu ya chuma baharini.
Roketi ilipopaa aliangusha sinia zima.
“Hamna mtu ndani,” alituambia,
“ni chombo tu, hakina tumbo la kutapika.”

“Wenye tumbo hutapika,” akasema daktari.
Kule vijiwe havina uzito, havina la kusema.
Ubongo huuliza, chini wapi? Kimya.
Siku mbili, tatu, unahangaika,
kisha unakata shauri:
unaliacha sikio, unayaamini macho.
Wenyewe hata huhama, hupanda juu kidogo fuvuni
kama andazi mafutani.
Na wakirudi duniani hubebwa vitini.
Kona ya ukumbi huwashinda.
Akifumba macho kunawa uso, yuko sakafuni.
Mwingine huachia kikombe hewani
akingoja kielee.

Nilimfikiria huyo wa kikombe.
Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi.

Sikio halipiti kichwa,
baba aliniambia kila nilipombishia.
Sikumjibu kwa adabu. Leo ningemjibu:
baba, lilipita. Alfajiri moja tu
punje zilihama nyumba,
na kichwa kizima, na hesabu zake na madeni yake,
kikabaki kikilifuata kama mbuzi wa kamba.

Daktari akanigeuza. Kulia. Kushoto. Ubavu. Kitako.
Polepole, tena polepole,
kama atoaye sarafu kwenye kibubu bila kukivunja.
Chumba kikapaa mara moja ya mwisho,
kikatua.

Usiku wa kwanza nililala kwa kukaa, mito mitatu mgongoni.
Wiki nzima nilitembea na kidole ukutani,
na kila ukuta mjini nilikuwa naujua,
huu nimeupaka mimi, huu umepasuka, huu wamenidhulumu.

Jumatatu nimerudi ngazini. Kidato cha tatu, sipandi zaidi.
Nimemwambia Tsuma ashike.
Hajazoea, anashika mkono mmoja,
wa pili una simu.
Nafumba macho kidogo, kulijaribu sikio.
Linasema kitu. Sina hakika.

Tone la chokaa linatoka kwenye brashi,
nasikia Tsuma akipiga kelele, pua yangu, mama!
Haya. Chini ni huko.